Tovuti ya A Vision of Britain Through Time: uhakiki kwa kutumia historia ya West Riding ya Yorkshire

Msomaji wa takwimu za kale za Uingereza hukutana mapema na jina West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya kaunti ya Yorkshire, na asipokuwa mwangalifu hudhani kuwa ni jina la eneo moja lililobaki na mipaka ileile kwa karne nyingi hadi lilipofutwa tarehe 1 Aprili 1974. Tovuti ya A Vision of Britain Through Time, ambayo imejengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na hutumiwa bure na yeyote mwenye intaneti, ndiyo huduma inayolifafanua jambo hili vizuri kuliko nyingine nilizozitumia. Nimechagua kuipima kwa West Riding kwa sababu ni vigumu kupata mgawanyo mwingine wa kaunti ya England uliobadilishwa kwa namna nyingi kiasi hicho.

Yorkshire ilikuwa kaunti kubwa kuliko zote katika England, na tangu kabla ya uvamizi wa Wanormani wa 1066 iligawanywa katika sehemu tatu: North Riding, East Riding na West Riding, huku jiji la York likijitegemea. Kila Riding ilikuwa na mahakama yake ya robo mwaka, yaani iliyokaa mara nne kwa mwaka, ambayo mahakimu wake wa amani, pamoja na kuhukumu wahalifu, walisimamia madaraja, barabara na magereza. Kwa maneno mengine, karne nyingi kabla ya halmashauri za kuchaguliwa, West Riding ilikuwa ikiendeshwa kama kaunti kamili ingawa kwa jina ilikuwa sehemu tu ya kaunti. Chini yake zilikuwapo tarafa za kale zilizoitwa wapentake, miongoni mwao Skyrack, Claro, Osgoldcross na Staincross, na tovuti humwezesha msomaji kushuka kutoka Riding hadi wapentake, na kutoka hapo hadi parokia moja moja.

Ubora mkubwa wa tovuti hii ni kwamba haichanganyi vitengo vya utawala kwa sababu tu vina jina moja. Kwake West Riding ya kale ni kitu kimoja, kaunti ya usajili (wa vizazi, ndoa na vifo) iliyotumika katika sensa ni kitu cha pili, na kaunti ya kiutawala iliyoanza kazi mwaka 1889 ni kitu cha tatu. Kila kimoja kina ukurasa wake, unaoonyesha aina yake, kilikuwa chini ya nini na kilihusiana vipi na vitengo vingine. Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama hesabu ya mtafiti ni sahihi au ni ya kupotosha.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa halmashauri ya kaunti. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1888 iliunda halmashauri za kaunti kote England, lakini pia ilitoa nafasi kwa miji mikubwa kuwa na mamlaka sawa na ya kaunti, ikajitawala nje ya halmashauri hizo. Katika West Riding miji mitano, yaani Leeds, Bradford, Sheffield, Halifax na Huddersfield, ilikuwa nje tangu siku ya kwanza. Baadaye ikafuata Rotherham mwaka 1902, Barnsley na Dewsbury mwaka 1913, Wakefield mwaka 1915 na Doncaster mwaka 1927. Hebu fikiria hali ya Wakefield: makao makuu ya halmashauri yalikuwa hapo, na jumba lake la fahari lilifunguliwa hapo mwaka 1898, lakini kuanzia 1915 mji wenyewe haukuwa tena chini ya halmashauri iliyokutana ndani yake. Basi mtu akilinganisha idadi ya watu wa West Riding ya kale na ya kaunti ya kiutawala bila kujua kuwa miji mikubwa ya viwanda imeondolewa, ataamini kuwa watu walihama kwa wingi, kumbe kilichobadilika ni mpaka wa kuhesabia.

Mipaka ya usajili ina matatizo yake. Wilaya za usajili zilifuata miungano ya parokia iliyoundwa kwa ajili ya sheria ya kuwasaidia maskini ya 1834, na miungano hiyo haikujali mipaka ya kaunti. Todmorden ni kielelezo kizuri. Mji huo ulikuwa kwenye mpaka wa Lancashire na Yorkshire, kiasi kwamba jumba la mji lililokamilika mwaka 1875 lilijengwa juu ya mstari wenyewe wa mpaka, na sanamu zilizochongwa kwenye sehemu yake ya mbele zinaonyesha shughuli za kaunti zote mbili. Baada ya sheria ya 1888 mji wote uliwekwa upande wa Yorkshire. Anayefuatilia familia za eneo hilo anahitaji kujua ni mpaka upi uliotumika katika kila waraka anaousoma, na kurasa za tovuti hii humwongoza kwa uaminifu.

Mbali na orodha za vitengo, zimo ripoti za sensa kuanzia 1801, ramani za kihistoria, na maelezo ya miji na vijiji kutoka katika kamusi za mahali za karne ya kumi na tisa. Hizi ni nyongeza nzuri, ingawa kwangu mimi thamani ya huduma imo katika kurasa za vitengo.

Pale ambapo tovuti haitoshi ni katika sababu za mabadiliko. Rekodi za vitengo hueleza kilichobadilika na wakati kilipobadilika, lakini hazielezi mabishano yaliyoleta mabadiliko hayo, wala uchungu uliofuata. Mwaka 1974, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972 ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya West Riding iliingia katika West Yorkshire na South Yorkshire, lakini Harrogate na Skipton zilipelekwa North Yorkshire, Goole ikawa Humberside, Sedbergh na Dent zikawa Cumbria, Barnoldswick na Earby zikawa Lancashire, na Saddleworth ikaingizwa Greater Manchester. Kwa wakazi wengi hili halikuwa suala la karatasi tu. Mwaka uliofuata chama cha kutetea Riding za Yorkshire kilianzisha Siku ya Yorkshire, ambayo hadi leo huadhimishwa tarehe 1 Agosti. Jina la East Riding lilirudi rasmi mwaka 1996 Humberside ilipovunjwa, na Goole, iliyokuwa ya West Riding tangu kale, ikajikuta ndani ya East Riding mpya. West Riding haikurudishwa.

Upungufu mwingine ni kuwa maelezo yote ni ya Kiingereza, tena cha kitaalamu, na msomaji asiyejua tofauti ya parokia ya kanisa na parokia ya kiraia atahitaji muda wa kuzoea. Vilevile tovuti haina kumbukumbu za watu binafsi, kwa hiyo anayetafuta jina la babu asiianze safari yake hapo.

Ninaipendekeza bila kusita kwa wanafunzi wa historia, wanajiografia na yeyote anayeandika kuhusu England ya kabla ya 1974. Atakayehitaji nyaraka zenyewe aelekee Wakefield, kwenye Kituo cha Historia cha West Yorkshire kilichofunguliwa mwaka 2017. Huko zimehifadhiwa kumbukumbu za mahakama za robo mwaka za West Riding, pamoja na zile za masjala yake ya hati za ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1704 ikiwa ya kwanza ya aina yake katika England na kufungwa mwaka 1970.