Kamera inayosoma namba za magari nyuma ya pikipiki yangu: miezi tisa ya Ngamiani na Pongwe

Siku niliyovunjika mtulinga nilikuwa natoka dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, narudi nyumbani Pongwe. Lori lenye tela lilinipita. Kichwa kilipita salama, tela ndilo lililorudi kushoto mapema, likanisukuma nje ya lami nikaangukia kwenye changarawe. Askari aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza swali moja ambalo limenikaa mpaka leo: "Namba ya gari?" Sikuwa nayo. Nilikumbuka turubai la bluu, nikakumbuka vumbi jeupe la saruji. Kwenye barabara ile malori ya namna hiyo hayahesabiki. Jalada likafunguliwa, likaishia hapo.

Kilichoniuma zaidi nilipokuwa nimefungwa mkono ni hiki: lori lile lilikuwa nyuma yangu tangu tunatoka Kange. Nililiona kwenye kioo. Kibao chake cha mbele kilinitazama kisogoni kwa dakika kadhaa, na mimi, mtu ninayeishi kwa kutengeneza kompyuta, sikuwa na kitu cha kukisoma.

Ndiyo maana nilipopona nilifunga kifaa hiki kwenye Boxer yangu. Ninaandika baada ya miezi tisa ya kukitumia kila siku, kwa sababu vijana wengi wanaokiona wananiuliza kama kinafaa na kama wafunge.

Nilichofunga ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 chini ya kiti, na kamera moja juu ya taa ya nyuma, inayotazama nyuma. Hakuna skrini. Kamera inapiga picha, programu inatafuta kibao cha namba ndani ya picha, inakikata, inasoma herufi, kisha inahifadhi vitu vitatu: namba iliyosomwa, saa, na picha yenyewe. Wazo la mashine kusoma namba za magari si jipya, polisi wa Uingereza walilianza 1976. Kilichobadilika ni kwamba leo mtambo mzima unaingia kwenye kikopo cha ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mimi ulinigharimu zaidi ya laki tano, ukijumlisha vifaa, usafiri kutoka Dar na vile nilivyoviunguza.

Wengi waliniuliza kwa nini kamera haitazami mbele, maana aliyekugonga akikimbia atakuwa mbele yako. Nililifikiria sana. Ukishaanguka, kamera ya mbele inatazama majani. Gari linalokupiga kwa nyuma hukufuata kwanza, na katika sekunde hizo za kukufuata kibao chake kiko wazi. Upungufu wake ni mmoja na ni mkubwa: bodaboda hubeba kibao nyuma, kwa hiyo boda inayonifuata haisomeki. Anayehofia boda zaidi kuliko malori, kamera yangu haitamsaidia.

Sasa mtetemo, maana hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili. Nilianza na kamera ya kawaida ya Raspberry Pi, na kila picha ilitoka kama kibao kimechorwa kwenye maji. Herufi zilikuwa na mawimbi. Nilidhani ni mwendo wa magari, nikakosea. Gari linalokufuata kwa mwendo wako limetulia mbele ya kamera. Kinachocheza ni pikipiki yenyewe. Boxer ina silinda moja, na injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika ni zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Kamera ya kawaida husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kabla haijafika mstari wa chini injini imeshaitikisa. Dawa yake ilikuwa kamera ya aina nyingine, ile ambayo vitone vyote vya picha hukamatwa kwa mara moja, inayoitwa global shutter. Raspberry Pi walitoa ya kwao 2023. Ina pikseli, yaani hivyo vitone, 1,456 kwa 1,088 tu, pungufu kabisa ya kamera ya simu yako, lakini herufi zinasimama wima.

Hata hivyo haikutosha. Fundi baiskeli wa jirani yangu, mtu wa makamo aliyezoea kunitazama nikihangaika, alikata tyubu kuukuu vipande vinne, akaniambia, "Mwanangu, weka hivi katikati ya chuma na kamera, usikaze mno." Nikaweka. Nikapunguza pia muda wa kupiga picha hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Siku hiyo, kati ya Pongwe na mjini, ndipo kwa mara ya kwanza nilifungua picha nikasoma kibao kwa macho yangu bila kukunja uso.

Kuhusu lenzi, usidanganywe na anayekwambia ununue inayovuta mbali. Kwa lenzi ya milimita 16, kibao cha nusu mita kilicho umbali wa mita 10 kinapata pikseli kama 240 kwa upana, na kwa ya milimita 6 kinapata kama 90. Ukiangalia hizo hesabu tu utachukua ya 16. Lakini ile ni nzito, inayumba, na inaona ukanda mwembamba kiasi kwamba kwenye shimo moja gari linatoka nje ya picha. Mimi natumia ya 6. Gari litakaloniumiza litanikaribia, na likiwa mita 5 kibao chake kinapata pikseli zaidi ya 170, zinatosha kabisa.

Programu. Nilianza na OpenALPR kwa kuwa toleo lake la wazi halina malipo. Limekaa miaka bila kuguswa, na lilifunzwa kwa vibao vya Ulaya, Marekani na nchi nyingine chache, Tanzania haimo. Lilikuwa linanisomea majina yaliyoandikwa kwenye vioo vya Coaster likidhani ni namba. Nikaacha. Nikapiga mwenyewe picha za magari barabarani, nikakaa usiku baada ya usiku nikiviwekea vibao alama kimoja kimoja, nikafunza programu ya aina ya YOLO kutambua kibao kiko wapi. Kusoma herufi nikaiachia programu nyingine. Kwenye Pi 4 mfumo wote unakwenda picha mbili au tatu kwa sekunde, na kwa kazi yangu inatosha.

Jambo lililonisaidia kuliko mafunzo yote ni kuijua namba yetu ilivyopangwa. Gari la kawaida ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Basi kama programu imeona 8 mahali pa herufi, naiambia iandike B, na ikiona O mahali pa tarakimu, iandike 0. Ya Zanzibar inaanza na Z. Ya Kenya, na hapa Tanga tunayaona mengi yakiingia kupitia Horohoro, ni herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Kanuni hizo chache ziliondoa makosa mengi kuliko nilivyotegemea. Kibao cha njano cha gari binafsi na cheupe cha gari la biashara vyote vinasomeka vizuri mchana. Vumbi ndilo adui. Gari lililotoka barabara ya vumbi kibao kikiwa kimejaa, hata wewe mwenyewe huwezi kukisoma, usiitegemee mashine.

Usiku sitaisifia. Taa za magari zinaipiga kamera usoni. Kwa muda mfupi wa kupiga picha taa hubaki vitone viwili na pembeni kote giza. Nilichogundua kwa bahati ni kwamba nikikanyaga breki, taa yangu nyekundu inamulika kibao cha gari lililo karibu, na kwa kuwa vibao vyetu hurudisha mwanga, namba inajitokeza. Zaidi ya hapo, usiku chukulia huna kamera.

Joto nalo. Pi ikifika nyuzi 80 hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na chini ya kiti, pikipiki ikiwa imeanikwa juani Chumbageni saa saba mchana, hufika huko haraka. Nilitoboa matundu ubavuni mwa kopo, masika yalipoingia maji yakapitia mlemle. Sasa ninalo kopo la alumini lililozibwa kwa silikoni, kompyuta imegusana na ukuta wake ili joto litoke. Umeme nachukua kwenye betri ya volti 12 kupitia kifaa cha kushusha hadi volti 5, na fyuzi karibu kabisa na betri. Usifunge bila fyuzi.

Nije kwenye siku ambayo kifaa kilifanya kazi niliyokinunulia, ingawa haikuwa kwangu.

Mzee mmoja alikuwa anaendesha baiskeli yake, nyuma kafunga gunia la mkaa. Mimi nilimpita kwa nafasi. Nyuma yangu ilikuwa Noah, na kufumba na kufumbua nikasikia chuma kinaburuza kwenye lami. Noah ikanipita kwa kasi ikaondoka. Nilipogeuza, mzee alikuwa amekaa chini, mkaa umemwagika, rimu ya nyuma imekunjika kama chapati, na damu inamtoka kwenye goti. "Shikamoo babu, umeumia wapi?" Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Goti tu. Baiskeli yangu je?"

Tulipomfikisha hospitali nilikwenda kituoni kutoa maelezo, nikafungua picha kwenye kompyuta mpakato. Ile Noah ilikuwa na picha kumi na moja. Zote kumi na moja programu imesoma namba moja ileile, tarakimu ya katikati 8. Nikamkaribia askari kumtajia, nikiwa na uhakika kabisa. Akaiingiza kwenye mfumo wao, akaniangalia. "Hii ni ya lori."

Nilirudi kwenye picha, nikaikuza moja hadi kibao kikajaa skrini. Tarakimu ile ilikuwa 3. Aliyefunga kibao alipitisha bulti nyeusi ubavuni mwake kwa kushoto, palepale ambapo 3 ina uwazi, na kichwa cha bulti kimeuziba uwazi ule. Picha kumi na moja, kosa moja lililorudiwa mara kumi na moja. Nikamgeuzia skrini. "Afande, hii siyo nane. Tazama bulti." Aliinama akatazama muda mrefu, kisha akaingiza 3. Ikatoka Noah, rangi ileile.

Namba hiyo sahihi ndiyo iliyowawezesha watoto wa mzee kuangalia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kama gari lina bima. Lilikuwa nayo, bima ndogo, na bima ndogo ndiyo inayomlipa mtu kama yule babu. Mwenye gari aliitwa, shauri likaendelea kwa njia zake.

Mimi usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimebaki hatua moja tu kumtaja mwenye lori ambaye labda siku hiyo hakuwa hata Tanga. Kama ningekuwa nahifadhi namba peke yake, kama programu nyingi zinavyofanya ili kuokoa nafasi, ningempeleka mtu asiyehusika kituoni, na ningeapa kwamba mashine imesema. Tangu hapo sifuti picha nikabakiza maandishi. Picha ndiyo ushahidi, namba iliyosomwa ni njia ya kuifikia picha haraka. Ukiona muuzaji anakuuzia kifaa kinachokupa namba bila picha yake, usinunue, hata akipunguza bei kiasi gani.

Na kuna jambo la pili la kuangalia kabla ya kununua: kinapeleka wapi kilichosoma. Changu hakina intaneti kabisa, na kila kitu kinajifuta baada ya saa 24 nisipokigusa. Ninafanya hivyo kwa makusudi. Mtu anayepita barabara moja kila siku na mashine hii anaweza kujua nani alipita wapi na saa ngapi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Jirani mmoja alishanijia, kwa upole, akitaka nimwangalizie gari fulani linaonekana mitaa gani jioni. Nilimkatalia. Akaniambia mwenye gari ni rafiki yake wa karibu, ataelewa. Nikamkatalia tena.

Kwa hiyo, ukifunge? Kama unapita njia ya malori kila siku mchana na unajua kuunga nyaya kwa lehemu na kupima volti, ndiyo, utakipenda. Kama unaendesha usiku zaidi, subiri, au tumia hizo fedha kununua helmeti nzuri na koti lenye mistari inayong'aa. Kama hujui kompyuta na unategemea fundi akufungie uondoke, kitakufia mwezi wa pili, maana kila baada ya wiki mbili hivi kuna kitu cha kukaza au kufuta vumbi.

Kibao changu mwenyewe nilikikagua asubuhi ya kesho yake baada ya ajali ya yule babu. Kilifungwa kwa bulti mbili nyeusi, moja imegusa herufi ya mwisho. Nikazing'oa, nikatoboa matundu mapya pembeni mbali na namba, nikafunga bulti za plastiki za njano.