Laptop imeamka, kioo cheusi: vitufe vinne au kuzima kwa nguvu?

Umefungua kifuniko, feni inavuma, taa inawaka, ila kioo ni giza tupu. Wengi hukimbilia kitufe cha kuwashia na kukikandamiza mpaka mashine inyamaze. Mimi huanza na Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unapoibonyeza, mashine iko macho. Kilicholala ni upande wa picha.

Hapo, kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Utasikia mlio mfupi, kioo kitapepesa, na draiva ya picha, yaani programu inayoendesha picha kwenye kioo, itaanza upya. Uzuri wake ni kwamba kwa kawaida programu hazifungwi: ile barua uliyoiandika nusu bila kuihifadhi utaikuta palepale. Ikikataa, hujapoteza kitu zaidi ya sekunde chache.

Kuzima kwa nguvu, yaani kushikilia kitufe kwa sekunde 10 hivi, hufaa pale Caps Lock nayo imekufa ganzi. Lakini kazi iliyokuwa kwenye memori tu imekwenda na maji, na faili lililokuwa likiandikwa diskini linaweza kuharibika.

Kama tatizo linarudi kila siku, njia zote mbili ni panadoli tu. Sasisha draiva ya picha. Na kabla ya kumpelekea fundi, mulika kioo kwa tochi ya simu: ukiona picha hafifu kwa mbali, huenda kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo.