Meza ya kulipia iliyonifungia maikrofoni mjini kwetu

Nilijiapiza sitaandika kitu. Nilidhani hasira itapoa, miezi imepita na haikupoa. Jana usiku nimefungua droo kutafuta chaja, nikaikuta karatasi ya mhusika wangu, na moto ukawaka upya. Basi naandika. Kama umefika hapa kwa sababu wataka kujua iwapo ulipie meza ya Call of Cthulhu mtandaoni, ule mchezo wa kutisha ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake kwa maneno na dadu, na mwendeshaji anasimulia kisa, yenye mwendeshaji anayetoza hela, jibu langu ni usilipe. Hela hiyo nunulia wanao viatu. Huenda nikifika mbele nikalegeza, maana mchezo wenyewe haukunikosea kitu, lakini kwa sasa shika hilo.

Mchezo niupe haki yake kwanza. Niliingia kwa mwaliko wa mwenzangu wa kazini, sote tunatoa mizigo bandarini. Tulikuwa watu watano kwenye Discord, programu ya kuongea mtandaoni, sauti tu, bila kamera. Mwendeshaji wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Scotland, hatozi hata senti, na tulikuwa tukianza saa tatu usiku za huku. Alituendeshea kisa ambacho wageni wengi huanzishwa nacho, cha nyumba moja ya Boston ambayo mwenyewe alikufa zamani na bado hajaihama.

Nilimpandisha mpelelezi wangu, yaani mhusika niliyemwigiza, ghorofani peke yake. Chumba kina kitanda, dirisha na vumbi. Nikasema nasogea dirishani nichungulie nje. Mama yule akanyamaza. Nikasikia dadu zikigonga meza kule kwake, dadu za kweli, si za kwenye skrini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba kitanda kimesogea. Hakuongeza neno. Nikauliza kimesogea vipi, na kabla sijamaliza kuuliza kitanda kilishamkumba mtu wangu, kikamtupa nje, kioo na yeye pamoja. Chumbani kwangu feni inazunguka, mke wangu amelala chumba cha pili, na mimi nimeinua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Mtu mzima mwenye watoto watatu! Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Nimekulia Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa. Hadithi za majini nililishwa na bibi pamoja na uji, sikuwa mgeni wa kutishwa. Lakini jini wa kwetu ana jina, ana kabila, na ana anachokitaka. Akimpanda mtu, mganga humfukizia ubani akamwuliza, we nani, wataka nini? Naye husema. Ataka kilemba chekundu, ataka marashi, ataka apigiwe ngoma usiku kucha. Akipewa huridhika, na mgonjwa akarudi kwa watu wake. Katika hofu hii niliyoikuta mchezoni hakuna wa kuulizwa. Kilicho huko nje hakina haja nawe, hakikuchukii, hata hakijui kama upo. Ubani utamfukizia nani?

Na hilo limeshonwa ndani ya kanuni zenyewe, ndipo nilipompenda Sandy Petersen, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1981. Kila mpelelezi ana alama za akili timamu, na akiona kisichostahili kuonwa zinapungua. Ukipoteza 5 au zaidi kwa mpigo mmoja, unatupa dadu kupima werevu wako. Mimi nilidhani nikifaulu nimepona. La. Ukifaulu ndipo unapopagawa, kwa sababu umeelewa ulichokiona. Ukishindwa, akili imekufichia, unaendelea na safari yako. Isitoshe, kadiri unavyojifunza siri za viumbe hao, ndivyo kiwango cha juu cha akili yako kinavyoshuka, na hakipandi tena. Mimi nimefunzwa tangu chuoni kwamba elimu ni taa. Nilipoisoma kanuni hiyo niliifunga simu nikatoka barazani nikakaa.

Kutoka hapo nikaanza kusoma. H. P. Lovecraft, mwandishi wa Providence, Marekani, alizaliwa 1890 akafa 1937, na hadithi zake zapatikana bure mtandaoni. Ile iliyoupa mchezo jina, ya dude lililolala chini ya bahari, ilitoka katika jarida la Weird Tales mwaka 1928, nayo ni nzuri, ila iliyonimaliza ni ya mwaka 1927 kuhusu jiwe lililoanguka kutoka mbinguni kwenye shamba la mtu. Msimu ule matunda yakazaa makubwa, yanang'aa, mkulima akafurahi. Akaonja. Machungu, yote, shamba zima. Hakuna mtu aliyemlaani wala aliyemhusudu. Ni kitu tu kilipita kikatua kwake. Nilimsimulia mamangu jikoni akaacha kukuna nazi, akaniuliza, "Sasa huyo bwana kosa lake ni lipi?" Nikamwambia hana. Akasema hadithi hiyo nisiirudie mbele ya watoto.

Nilikuta pia chuki ya huyo Lovecraft kwa watu wa rangi yangu, haikufichwa, imo kwenye hadithi, ipo hata moja inayolitumia Kongo kama chimbuko la uchafu wa damu. Iliniuma. Niliendelea kusoma, nikijiambia huyo ni maiti wa karibu miaka tisini, na wanaocheza leo si yeye.

Ndipo nikailipia meza ile.

Waendeshaji wake waliitangaza kampeni kubwa, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, Masks of Nyarlathotep, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984. Mambo yanaanzia New York, mwaka 1925, yanapita London na Cairo, kisha, nilisoma mara mbili kuhakikisha, yanakuja Kenya. Yanapita Mombasa! Dola 20 kila kikao, saa tisa usiku, maana kwao New York inakuwa saa mbili ya jioni. Nilikubali. Nilimwundia mpelelezi wangu maisha kamili, baharia wa Mvita aliyekwama Marekani baada ya vita, anayetafuta njia ya kurudi kwao. Wiki baada ya wiki niliamka usiku wa manane nikaenda kazini macho mekundu, nikisubiri meli ile itie nanga.

Ikatia nanga. Mwendeshaji akaanza kuueleza mji wangu: vibanda vya nyasi ufuoni, ngoma, watu nusu uchi wanaokodoa macho. Nikaomba nafasi kwa adabu. Nikasema mji ule ulikuwa wa mawe na milango ya nakshi karne nyingi kabla ya 1925, kwamba Ngome ya Yesu wakati huo ilikuwa jela ya Waingereza, na reli ilikuwa imeshafika ziwani tangu 1901, kwa hiyo kituo kimejaa watu wa kila aina. Nilisema hayo kwa furaha, nikidhani nampa zawadi. Akasema, sawa, tuendelee.

Mtu wangu akashuka Kilindini. Miaka saba hajakanyaga kwao. Akamwona mzee mchukuzi, nikamsalimu kwa Kiswahili, taratibu, kama ningemsalimu babu yangu: "Sabalkheri, mzee wangu." Mwendeshaji akamjibia yule mzee kwa milio ya mdomo isiyo lugha yoyote, akibwekabweka. Wenzangu wakacheka. Nikangoja wamalize, nikasema mzee angejibu, "Sabalkheri, mwanangu, u hali gani?" na kwamba kwangu maneno hayo ndiyo sababu ya kuilipia safari yote. Akaniambia mchezo ni wake, naharibu hali ya kutisha. Hapo nikaona karibu na jina langu kijialama cha maikrofoni kimekatwa mstari mwekundu.

Nilidhani ni intaneti. Nikazima, nikawasha. Nikasema "mwanisikia?" mara kadhaa. Mimi nawasikia wote, wao hawanisikii. Dakika 20 niliketi gizani nikisikiliza Mombasa ya watu wengine. Mchezaji mmoja akaambiwa amsemee mtu wangu. Mtu wangu akatupiwa dadu nisizoziona, akapoteza alama 7 za akili, akapagawa pale pale gatini, mjini kwao, bila mimi kutamka neno. Na kile kisa cha Wanandi walionyongwa kwa mauaji ambayo si yao, kilichomo kitabuni na ambacho nilikuwa nimekisubiri kwa kuwa Wanandi ni kabila la kweli la Kenya na kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Waingereza kweli mwaka 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo, kikapitwa kwa sentensi moja.

Niliandika ujumbe kudai hela ya kikao kile. Jibu: sera yao hairudishi. Mmoja wa wenzangu aliniandikia faraghani kesho yake kuwa haikuwa haki. Mbona hukusema pale pale, ndugu yangu, sauti yako ilikuwa wazi?

Rafiki mmoja ameniambia eti nimeonja hofu yenyewe niliyoilipia, mtu mdogo asiyesikika. Nimeyakataa maneno hayo na ninayakataa tena. Kile kilicholala chini ya bahari hakinijui. Huyu alinijua jina, alijua natoka wapi, akachagua kitufe.

Kwa hiyo nyota moja. Nami nikiikumbuka sauti ya yule mama wa Scotland na kitanda chake, mkono unakataa kuibonyeza, maana atakayesoma nyota moja ataukimbia mchezo wote, na mchezo huu umenipa kitu ambacho vitabu vyote nilivyosoma kabla havikunipa. Cheza. Tafuta meza ya bure, ya watu wanaonyamaza mwenzao akisema. Kanuni fupi za kuanzia zatolewa bure, kisa cha nyumba ya Boston kimo humo humo. Meza ya kulipia usiiguse. Au ukiigusa, uliza kwanza nani ana kitufe cha sauti, na ataje mara ya mwisho alipokitumia.

Karatasi nimeirudisha drooni. Mtu wangu yu kituoni, treni ya Nairobi haijaondoka, akili imembakia 31. Kama kuna anayeendesha kwa Kiswahili, saa tatu usiku za huku, aniambie. Dadu ninazo.