Ligi ya poka ya bure: mezani raha, kwenye alama dhuluma

Nilipanga kuisifu ligi hii, na ya kusifia yapo. Hulipi kiingilio, ukifika mapema unapewa alama za mahudhurio, na mwisho wa msimu wanahesabu matokeo yako 10 bora tu, kwa hiyo siku mbaya haikuzamishi. Alama ndizo zinazoamua unaingia fainali au la, na unaianza na chipu ngapi. Hapo sina neno.

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta msimu ukielekea ukingoni. Tumebaki 9, na alama za nafasi zinaanzia kwa wa 8 kwenda juu. Nina ree mbili mkononi, nikasukuma chipu zote. Jamaa aliyeketi kushoto kwangu naye akasukuma zake, na yule mwenye mlima wa chipu akatufuata wote wawili. Karata ya mwisho ikawa kopa, ikamkamilishia kopa zake 5, tukatoka mimi na jamaa kwa mgao mmoja. Mimi nilikuwa na 14,500, jamaa 9,000. Mgawaji alizihesabu kwa sauti, meza nzima ikisikia.

Kanuni inajulikana: wawili wakitolewa kwa mgao mmoja kwenye meza moja, aliyeuanza mgao ule na chipu nyingi ndiye anashika nafasi ya juu. Wakiwa sawa, wanagawana. Msimamizi akaniandika wa 9, eti kwa sababu nilisimama kwanza! Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, muulize mgawaji hesabu ya chipu." Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mchezo wa bure huu, unalalamikia nini?"

Neno hilo limenikaa rohoni. Kwa kuwa ni bure ndiyo maana alama zinauma! Hakuna pesa mezani, hakuna zawadi ya siku. Mtu anatupa karata mbovu usiku kucha, anavumilia, apate alama chache za kumsogeza kwenye msimamo. Ukimnyang'anya hizo umembakishia nini?

Na nikiwa na hasira hivi niseme na hili: mshindi anapata alama zile zile wakicheza watu 20 au 70. Haki iko wapi? Zipo ligi zinazopandisha alama kadiri wachezaji wanavyoongezeka, na hesabu yake haimshindi mtu mwenye kikokotoo.

Nilitaka kutoa nyota tatu, maana wachezaji ni waungwana na meza zinaanza kwa wakati. Kisha msimamo wa mwisho ukatoka. Nimekosa fainali kwa alama pungufu ya zile za nafasi ya 8. Nikawaandikia, wakajibu kwamba matokeo yakishaingizwa hayabadilishwi. Basi nyota moja, na hiyo nampa yule mgawaji, aliyesimama mbele ya msimamizi wake akasema wazi kwamba chipu zangu zilikuwa nyingi zaidi.