Vigari vidogo vya Safari Rally: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Ukitaka kukusanya vigari vidogo vya mashindano, amua ukubwa kabla ya kuwaza kampuni au bei. Anayenunua cha 1:64 leo, cha 1:18 kesho na cha 1:43 wiki ijayo huishia na kabati la vurugu, Lancia ndogo ikiwa imefichwa na tairi la Toyota kubwa. Chagua skeli moja, yaani kipimo kimoja cha kupunguza gari, kisha chagua mbio moja. Kwetu Afrika Mashariki mbio zenyewe zinajulikana. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ikaingia kwenye ubingwa wa dunia 1973, ikatolewa baada ya 2002, na ikarudi 2021 yenye makao Naivasha. Magari yake tunayajua kwa sura: Datsun, Peugeot 504, Lancer, Celica, Subaru. Mengine ni ndugu wa yale yaliyobeba abiria na maziwa kijijini. Ndiyo maana mwongozo huu naujenga juu ya Safari, ingawa mwenye kupenda Formula 1 au mbio za saa 24 za Le Mans naye atapata chake humu.

Ninazungumzia vigari vya aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, vile unavyovisikia vizito mkononi, pamoja na jamaa zao wa resini, aina ya plastiki ngumu, ambao nitawafikia mwishoni.

Tuelewane kwanza kuhusu namba. Kigari cha 1:43 kimepunguzwa mara arobaini na tatu kutoka gari halisi. Chukua Datsun 240Z, gari lenye urefu wa mita 4.1 hivi. Katika 1:64 linatoka sentimita sita na nusu, kiasi cha kufichika kiganjani. Katika 1:43 linakaribia sentimita kumi. Katika 1:18 linafika sentimita 23, na kumi za namna hiyo zinamaliza rafu nzima. Hiyo 1:43 isiyogawanyika vizuri ni urithi wa treni za kuchezea za Uingereza, zilizotumia milimita 7 kwa kila futi moja.

Gari la Safari linatambulikaje

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanauziwa kitu kingine. Gari la Safari halikuwa gari lile lile la rali ya Monte Carlo lililopakwa vumbi. Liliinuliwa juu kwa ajili ya mawe na mashimo. Mbele lilifungwa bulba, yaani vyuma vya kukinga pua ya gari, kwa sababu kwa miaka mingi mbio zilipita barabara ambazo hazikufungwa, na ng'ombe, punda au swala angeweza kukatiza wakati wowote. Liliongezwa taa kubwa za usiku, na magari mengi ya miaka ya baadaye yalipewa bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isinywe maji kwenye kivuko wala kumeza ule unga wa vumbi wa Bonde la Ufa. Hata magari ya leo ya Rally1, daraja la juu la ubingwa wa dunia, hufungwa bomba hilo yakija Naivasha.

Sasa, kutengeneza kalibu ni gharama. Kampuni ikiwa tayari na mwili wa Celica au Lancia Delta ya barabara za lami, kishawishi ni kubadilisha stika tu na kuandika "Safari" kwenye boksi. Kigari cha namna hiyo utakijua kwa kuangalia nafasi kati ya tairi na upinde wa bodi: kikiwa kimelala chini kama gari la lami, kimeshindwa mtihani. Kisha tafuta bulba, hesabu taa, angalia vizuia matope nyuma ya matairi. Fungua picha ya gari halisi la mwaka huo huo kwenye simu yako na ulinganishe kitu kimoja kimoja. Usilinganishe na picha ya mwaka mwingine, maana timu zilibadilisha taa na stika kila msimu.

Mfano mzuri wa kujifunzia jicho ni Datsun 240Z ya 1971, namba 11, iliyompa ushindi Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller. Ni nyekundu yenye boneti nyeusi. Kwenye kigari kizuri, weusi wa boneti unaishia kwenye mstari ulionyooka, hauna mng'ao wa kioo, na haujamwagikia kwenye madigadi mekundu. Namba 11 mlangoni imekaa wima na mstari wa mlango unaonekana chini yake. Kwenye kigari kibovu rangi ni nene mno hadi mistari ya milango imezibwa, na herufi ndogo za wadhamini zimekuwa madoa. Geuza kigari polepole kwenye mwanga wa mchana na utaviona vyote hivyo kabla hujatoa hela.

Nafasi ya kwanza: Ixo 1:43, pamoja na ndugu zake wa magazeti

Kwa mkusanyaji wa Safari sioni mshindani. Ixo imetengeneza magari ya rali ya miaka mingi kuliko kampuni nyingine ninazozijua, kuanzia ya zamani hadi Toyota Yaris za sasa, na bei yake dukani Ulaya ni kama dola 30 hadi 45. Milango haifunguki, na mimi naona ni heri, kwa sababu katika ukubwa huu mlango unaofunguka huacha nyufa pana zinazoharibu umbo. Ndani utaona viti, mikanda na vyuma vya kulinda dereva. Kigari huja kimefungwa kwa skrubu kwenye kitako chenye jina la dereva, gari na mwaka, kikifunikwa kwa kasha la plastiki angavu. Usitupe skrubu zile, wala kasha. Siku ya kuuza au kubadilishana, vinahesabiwa.

Halafu kuna ndugu zake. Kampuni za magazeti kama Altaya, Hachette na DeAgostini zimekuwa zikiuza mifululizo ya majarida Ulaya, kila toleo likija na kigari, na vingi kati ya vigari hivyo vimetoka kwenye kalibu hizo hizo za Ixo. Vimerahisishwa: kitu ambacho kwenye Ixo ni kipande kilichobandikwa, huku kinaweza kuwa kimechorwa tu. Lakini umbo ni lile lile, na kwenye mkono wa pili bei mara nyingi ni nusu au chini ya hapo. Mwenye ndugu Ufaransa, Italia au Hispania amwombe apitie masoko ya vitu vya zamani. Ukitaka washindi wa Safari kwa mwaka hadi mwaka bila kufilisika, njia ndiyo hii.

Uanze na vipi? Mimi ningeanza na hivi: Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh, aliyeshinda nayo 1974 na 1976, Datsun yoyote ya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, 1973 kisha mfululizo 1979 hadi 1982, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, Lancia Delta Integrale ya Miki Biasion ya 1988, Celica ya Ian Duncan ya 1994, na Subaru Impreza ya Colin McRae ya 1997. Baada ya hapo weka Yaris ya Sébastien Ogier ya 2021, mwaka wa kurudi. Si lazima uvipate kwa mpangilio. Ya Joginder na ya Mehta zitafute mapema, kwani ni madereva wetu na hata wakusanyaji wa Japani wanazigombea.

Nafasi ya pili: Majorette, kwa mwenye mtoto nyumbani

Nimeiweka juu ya Hot Wheels makusudi. Majorette ni kampuni yenye asili ya Ufaransa, na vigari vyake vya kawaida vina springi kwenye magurudumu. Vingi vina milango au boneti inayofunguka. Ukikibonyeza kigari kwa kidole kinashuka na kupanda. Mtoto anakielewa papo hapo. Tomica ya Japani inafanya hivyo pia, ila kwetu hupatikana kwa shida zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usinunue chochote katika orodha hii. Magurudumu na vioo vikichomoka vinaingia kooni.

Nafasi ya tatu: Hot Wheels

Kampuni ya Mattel ya Marekani ilianza kuviuza 1968, na leo unavikuta supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam vikining'inia karibu na kaunta. Bei ndiyo nguvu yake. Kuna Datsun 240Z, Escort RS1600 na Delta Integrale nzuri kwa umbo, lakini rangi na namba za vile vya bei ya chini kwa kawaida ni za kubuni, si za gari lililowahi kushinda Safari. Skeli nayo si ya kuaminika: kila kitu hutengenezwa kikae kwenye pakiti moja, kwa hiyo basi la abiria hupungua na gari dogo huvimba. Ukiwa na hela kidogo zaidi, tafuta daraja la juu lenye matairi ya mpira na sakafu ya chuma.

Jihadhari na wanaouza "Super Treasure Hunt" mtandaoni kwa bei ya ajabu. Hivyo ni vigari adimu vinavyochanganywa na vya kawaida kiwandani, vyenye rangi ya kumetameta, matairi ya mpira na herufi TH mwilini, na kwa sababu vina thamani, feki zimejaa. Angalia chini: kuna msimbo mfupi wa herufi moja na tarakimu mbili, herufi ikionyesha mwaka na tarakimu wiki ya kutengenezwa. Msimbo ukiwa mbali sana na mwaka ulioandikwa kwenye kadi, mrudishie mwenyewe.

Nafasi ya nne: Mini GT, Tarmac Works na Inno64

Ni 1:64 za wakusanyaji, kama dola 10 hadi 20, zenye vioo vya pembeni vilivyobandikwa kimoja kimoja na stika kali kuliko ukubwa wake. Kazi yake ni safi kabisa. Zimeshuka hapa kwa sababu moja tu: nguvu yao kubwa iko kwenye magari ya saketi, kama ya daraja la GT3, Porsche na Nissan GT-R. Mpenzi wa Le Mans azipandishe hadi ya kwanza. Kwa wa Formula 1, Bburago 1:43 ndiyo mlango rahisi, hasa toleo la kasha lenye dereva ndani.

Nafasi ya tano: 1:18

Solido kwa dola 50 hadi 70 inakupa chuma kingi kwa bei ya haki, na AutoArt kwa dola 150 na zaidi inakupa injini ya kuangalia. Vinavutia mno. Ila nafasi vinayochukua, na gharama ya kuvisafirisha, vinamfaa anayetaka gari moja tu la mezani, si anayekusanya historia.

Nafasi ya sita: Spark 1:43

Kwa uzuri vingekuwa vya kwanza. Ni vya resini, kingo zake nyembamba, antena kama unywele. Bei ni dola 75 hadi 100. Lakini resini haivumilii: boksi likirushwa njiani, bawa au kioo cha pembeni kimekatika. Vinunue tu ukiwa na mtu wa kukubebea kwenye mzigo wa mkononi kutoka Ulaya au Dubai.

Vya zamani

Miaka ya 1960 Corgi ya Uingereza iliuza Volkswagen ya East African Safari, namba 256 kwenye katalogi yake, ikiwa na faru mdogo ndani ya boksi. Volkswagen kweli ilishinda Safari ya 1962. Kikitokea sokoni, uliza kwanza faru yuko wapi, maana ndiye anayepotea, na bila yeye bei haiwezi kuwa ya kamili.

Ukinunua vya zamani kagua ugonjwa wa zinki. Aloi ikichanganyika na risasi kidogo tu kiwandani, baada ya miaka huanza kuoza kutoka ndani: rangi inavimba kama malengelenge, kisha nyufa, kisha bodi inapinda na kumegeka. Hakuna dawa. Kigari chenye malengelenge ya aina hiyo kiache hata kikiwa cha bure.

Kodi na kuhifadhi

Ukiagiza nje, hesabu yako isiishie kwenye bei ya muuzaji. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha inakuja VAT, asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda. Kwa hiyo agiza vitano kwa pamoja badala ya kimoja kimoja, na mwambie muuzaji aweke risiti halisi ndani ya boksi.

Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana adui wa ziada, hewa ya chumvi. Ekseli za chuma hupata kutu kwanza, kisha madoa yanafika kwenye rimu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kabati la kioo na uvibadilishe vikishiba. Jua lisipige stika, kwani nyeupe inageuka njano. Na kwa vile vya 1:43 vilivyofungwa kwenye vitako, legeza skrubu kidogo ili uzito usikandamize matairi: mpira ukigandamana na plastiki kwa muda mrefu unaiyeyusha, na siku utakapokichomoa kigari, tairi litabaki na alama bapa isiyotoka.