Tuisheni ya Kiingereza Ligula, somo la evict peke yake limelipa ada

Wadau wa Mtwara mliokuwa mnaulizia tuisheni ya Kiingereza ya watu wazima, hii ya jioni pale Ligula mwalimu nampa nyota tano, darasa lenyewe tatu maana ni dogo, feni moja na joto letu hili mnalijua.

Mimi nachapa barua steshenari, wateja wengi ni kesi za nyumba, mpangaji katolewa vyombo nje anataka kulalamika, na karibu kila anayekuja na barua ya Kiingereza kaandika landlord chased me. Mwalimu kasimama hapo hapo, kasema chase ni kukimbiza, mbwa na kuku, anayesoma ataona baba mwenye nyumba anakukimbiza mtaani na fimbo! Kinachotakiwa ni the landlord evicted me from the house, yani mwenye nyumba kanitoa kwenye nyumba, na hiyo from usiiache. Kutamka ni i-VIKT, uzito mwishoni.

Kilichonikosha zaidi ni alivyotenganisha, maana sisi fukuza yetu moja inabeba yote: mwanafunzi shuleni ni expel, kazini dismiss au sack, mgeni nchini deport, kiongozi madarakani oust, nyumba na shamba ndo evict. Dada mmoja akabisha, mbona Big Brother Africa, lile shindano la TV la watu kukaa nyumba moja, walikuwa wana-evictiwa kwa kura? Mwalimu akamwambia sawa kabisa, si walikuwa wanatolewa kwenye nyumba, basi darasa zima likamkumbuka Idris Sultan, Mtanzania mwenzetu, 2014 alivyobaki mpaka mwisho akachukua ushindi. Mwalimu akaongeza kwamba asili ya evict ni Kilatini, evincere, kushinda, yani zamani lilikuwa neno la kesi, mtu kashinda kairudisha mali yake kisheria.

Najua tangu 2021 sheria imeshafanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila mikataba ya pango ya Kiingereza bado naichapa, mtu anasaini hajui alichosaini, inaniuma sana.

Kasoro ni notsi, anaandika ubaoni anafuta haraka, bora angetoa kopi. Ada elfu ishirini kwa mwezi, wanaanza baada ya magharibi, na ukija beba mkataba au barua yoyote uliyonayo nyumbani, anaisoma na wewe mstari kwa mstari na haongezi hela.