Mashine ndogo ya kusagia unga: miezi minane kwenye nyumba isiyoingia ngano

Niliinunua mwezi wa tatu hapa Mtwara mjini, kwenye duka la vyombo karibu na soko kuu, shilingi 165,000. Haina jina la kampuni la kushika kichwani. Ni ile ya chuma kinachong'aa, umbo kama sufuria ndefu, mfuniko unabanwa kwa klipu mbili, na mwili wake unainama ukitaka kumimina unga. Wauzaji wanaiita ya gramu elfu moja. Kabla sijatoa hela nilitafuta sana mtu wa huku kusini aliyeitumia kwa shida kama yangu, sikumpata. Ndiyo maana naandika.

Binti yangu ana miaka saba. Ana siliaki, kwa hiyo hali kitu chochote chenye gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Juu ya hapo ana mzio wa korosho, karanga na mayai. Watu wanavichanganya, hata ndugu zangu wa damu. Siliaki si mzio. Kila gluteni ikiingia, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo wake mwembamba, polepole, mpaka mtoto anakonda huku tumbo limejaa na damu inapungua. Korosho ni kitu kingine: dakika chache tu midomo imevimba na kifua kinapiga mluzi. Kabla hatujajua, tulipewa dawa za minyoo mara nne kwenye zahanati moja. Jibu tulilipata Dar es Salaam, kwa kipimo cha damu kwanza, kisha wakapitisha mpira wenye kamera na kuchukua kinyama cha utumbo. Mzazi mwenye wasiwasi kama niliokuwa nao, tafadhali usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupima. Akishaacha, kipimo kinaweza kusema hana kitu na kumbe anacho.

Sasa fikiria kumlea mtoto huyo Mtwara. Mimi ni karani wa ghala la korosho la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, navua nguo za kazi uani na kuoga kabla sijamshika. Jirani anakaanga korosho, mwingine anatwanga karanga za kisamvu, na mgeni akija anakuja na kifuko mkononi, kwa sababu huku ndiyo heshima yenyewe.

Lakini chakula chenyewe hakijawahi kutukosa. Muhogo hauna gluteni, wala mchele, mtama, ulezi, mbaazi, samaki na nazi. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ikianza kuuzwa barabarani, na chumvi na pilipili yake, anakula mpaka anashiba bila mtu kumchunga. Kilichotutesa ni unga.

Niligundua siku moja nimekaa kwenye benchi la mashine ya mtaani nangoja zamu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na nafaka za uji wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga za kukaanga, na ngano kama kilo moja. Zote zikapita mashine ileile. Alipomaliza, kijana akagonga bomba mara mbili kwa kipande cha mti, akakung'uta ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga, akaniambia, "Lete, mzee." Nikatazama ule mfuko. Kwenye mikunjo yake unga wa yule mama ulikuwa umeganda bado, rangi ya hudhurungi, unanukia karanga. Nikabeba ndoo yangu ya ulezi nikarudi nayo nyumbani ikiwa nzima. Kijana hana kosa, mashine za watu wengi ndivyo zilivyo. Ila Codex, kiwango cha kimataifa cha vyakula, kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Miligramu 20 ni vumbi tu. Na sisi kwa miezi tulikuwa tunampa mtoto uji wa ulezi kila asubuhi, tunajiuliza kwa nini bado anaharisha.

Mama mkwe alitupa kinu kipya, na kwa miezi minne tulitwanga. Unga wa kinu ni mtamu, sina la kuusema. Lakini mke wangu ana cherehani yake na mimi natoka ghalani usiku, na kilo moja ya ulezi inakula saa nzima ya mtu.

Hii mashine inasaga ulezi wa uji kwa dakika moja na nusu. Maneno "gramu elfu moja" yasikudanganye. Mimi naweka gramu 600, maana ikijaa za juu zinabaki nzima na mota inaanza kuguna. Karatasi ya maelekezo inakataza kuizungusha zaidi ya dakika tano mfululizo. Mimi siifikishi huko. Naiendesha dakika moja, naizima, naitikisa, naipumzisha, naendelea. Kibandiko kinasema wati 2,800, na nilikuwa na hofu ya Luku, umeme wetu wa kulipia kabla. Nikapiga hesabu: kilo tatu za wiki ni kama dakika kumi za kuzunguka, yaani karibu nusu uniti. Hofu ikaisha.

Mchele unasagika vizuri kuliko vyote, ukiwa mkavu kabisa. Ninauosha, nauanika juu ya ungo hadi punje ipasuke kavu ukiing'ata. Ukiweka wenye unyevu, unga unajibandika chini ya visu kama simenti, na kuukwangua ni kazi ya nusu siku. Mtama nao hausumbui.

Makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa, ndiyo yanahitaji akili. Kipande kizima kikiingia kinapiga visu kwa mlio wa kutisha, na wiki ya pili nilipinda ncha ya kisu kimoja. Sasa nayavunja kwanza kwenye kinu hadi yawe kama punje za maharage, ndipo nayasaga, nachekecha, chenga zinarudi. Unga unatoka mweupe, laini, na wa moto! Usiufunge ukiwa hivyo. Utandaze kwenye sinia upoe, la sivyo ndoo inatoa jasho ndani na kesho yake unakuta unga una uchachu.

Nikiwa hapo kwenye makopa, niseme jambo ambalo mtu anayeanza kula muhogo kila siku lazima alijue. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mkoa wetu umewahi kupata konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri siku hadi siku, huku mboga zenye protini ni haba. Kwa mtoto ambaye muhogo ndio umechukua nafasi ya ngano, sikubali kubahatisha. Kuna njia rahisi: unalowanisha unga kwa maji, unautandaza mwembamba kwenye sinia, unauacha juani saa mbili, au kivulini saa tano, sumu inatoka kama hewa. Unaupika siku hiyohiyo. Tangu nisage mwenyewe nafanya hivyo kila mara, hata kama aliyeniuzia makopa ameapa kwamba ni muhogo mtamu.

Na chapati? Kila mtu ananiuliza chapati. Vikombe viwili vya unga wa mchele, kimoja cha makopa, chumvi, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Maji yawe yanachemka kabisa. Unayamimina kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko, kisha unakanda donge likiwa bado linachoma vidole. Yale maji ya moto ndiyo yanaupa wanga wa muhogo ule mvuto ambao kwenye ngano unaletwa na gluteni; kwa maji baridi donge linakatika kama udongo. Kusukuma kwa kifimbo nimeacha. Nababua jani la mgomba motoni hadi lilegee, nalikunja, naweka tonge katikati, nakandamiza kwa sahani. Ukifunua, jani linaachia lenyewe na chapati inabaki na mistari ya jani mgongoni. Binti yangu anaitambua kwa hiyo mistari. Kwa mama yake mdogo akiletewa sahani, anaipindua kwanza aangalie mgongo kabla ya kula.

Mkate wa kumimina bila yai ulikuwa unazama katikati. Siku hizi kwenye mchele uliolowekwa usiku naongeza konzi ya wali uliobaki, tui zito, hamira, sukari na iliki, vyote kwenye blenda ambayo nayo ni ya vyakula vyake peke yake. Haupandi kama wa mayai lakini hauzami tena. Maandazi sijayaweza. Nimejaribu mara sita, yanatoka magumu nje na mabichi ndani, na sitamdanganya mtu kwamba mashine hii itampa maandazi.

Kasoro zake sasa. Kelele: mtoto mdogo wa jirani analia ikiwashwa, kwa hiyo sisagi baada ya magharibi. Vumbi: ukifungua mfuniko mara tu inapozima, unga unakurukia usoni, hesabu hadi sitini. Mpira wa mfuniko ulianza kuchanika mwezi wa sita, na nilipourudisha dukani walisema vipuri hawana. Brashi za mota zimeshabadilishwa mara moja, fundi wa redio wa mtaani alizitafuta na kuzifunga kwa shilingi 8,000. Kwa ugali wa familia ya watu kumi isiyo na mgonjwa, usiinunue. Peleka mahindi yako mashineni.

Kilichokuwa kigumu kuliko mipira na brashi ni kuilinda isiingie kitu kingine. Mama mkwe alikuja kutoka Newala na karanga kama vibaba viwili, za kisamvu. Akaiona mashine pale mezani, akafurahi sana, akaanza kufungua klipu. Nilisimama pale mlangoni, natafuta maneno. Mkwe humkatazi kitu ndani ya nyumba, na huyu ndiye aliyetupa kinu.

Nikasema, "Shikamoo mama. Nakuomba radhi sana, mama, hiyo ni ya mjukuu wako. Karanga ikiingia humo mara moja tu, siwezi tena kumsagia."

Akaniangalia, akaangalia karanga zake, akafunga klipu taratibu, moja, ya pili. "Hapana, baba, hujakosea. Kinu changu kile kiko wapi?"

Akakibeba uani mwenyewe, akatwanga kule chini ya mwembe, akala kisamvu chake hukohuko, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko ndipo akaingia ndani. Jioni akapika kisamvu kingine cha tui tupu kwenye sufuria ya mtoto. Tangu siku hiyo kinu kimekuwa cha karanga, kinakaa nje, na makopa nayavunja kwenye kinu kidogo nilichonunua Mikindani.

Binti yangu ameongezeka kilo tatu tangu mwezi wa tatu. Anayejua pa kupata mpira wa mfuniko wa hizi mashine, wenye upana wa sentimita 16 hivi, Mtwara, Lindi au hata Masasi, naomba aniambie. Huu wangu nimeuziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na hautafika msimu ujao.